Kutu ya Kupaka

Wifi yangu Chamsia hajui kubisha hodi. Siku hiyo aliingia chumbani kwangu na kikapu cha sokoni bado mkononi, akanikuta nimekaa chini na mkasi wa bati, vipande vya makopo ya sadini vimezagaa mkekani, akasema, "Mwanamke mzima unacheza vikopo." Nikamwambia mlango alioingilia bado uko wazi. Akacheka, akaenda kumwita mama yake naye aje aone.

Ndivyo tulivyoishi pale Mahabibo, mtaa wa bandari ya Mahajanga, katika nyumba ya mavyaa wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Ua mmoja, jiko moja, na midomo mingi kuliko vyungu. Upande huu Bibi, na chumba changu mimi na mume wangu Djaanfar. Upande wa pili dada yake Djaanfar, huyo Chamsia, na binti yake Laïla, mja mzito ambaye mumewe alikuwa melini. Walikuwa Wangazija wa kujivuna. Baba yangu ni Mngazija kama wao, lakini mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa Msakalava, mwenyeji wa kisiwa cha Nosy Be, na hilo hawakulisahau hata siku ya Idi. Waliniita zanatany, mzaliwa wa hapa, kama mtu anayetema kokwa. Kwao Nosy Be ilikuwa nchi ya tromba tu, mizimu ya wafalme inayopanda vichwani mwa wanawake. Kila nilipoumwa kichwa Chamsia alinitolea macho akingoja nianze kusema kwa sauti ya kiume.

Tangu niolewe sikuwahi kurudi kwetu. Nikiomba ruhusa, Djaanfar husema mwakani. Nikiuliza mwakani lini, Bibi hujibu badala yake kwamba mke anayekwenda Nosy Be hurudi na wageni kichwani. Halafu Chaehoi, muuza vanila wa kwetu, akapita Mahajanga na kunipa habari ambayo hakuna aliyetaka niipate. Baba alikuwa anapoteza macho. "Jicho moja limekwisha," alisema. "La pili anaona kitu ukikileta mpaka puani. Zalia, ukitaka baba yako akuone, usichelewe."

Nililipeleka neno hilo kwa Djaanfar kama nilivyopewa, sikuongeza wala kupunguza. Alikuwa anakula. Akasema baba akipofuka bado atanisikia, sauti yangu haikosi kusikika. Kisha akasema mwakani.

Sasa mwaka ule, wa tano tangu nchi ipate uhuru, ndio mwaka Mrusi alipofungua mlango wa chombo chake akatoka nje kuelea angani, na mji wote ulishikwa na kichaa cha anga. Bwana Abdou mwenye sinema alikuwa anangoja filamu ya watu wanaosafiri kwenda kwenye nyota, akatafuta njia ya kujaza viti. Akabandika tangazo: mtu yeyote aunde kwa mkono wake chombo cha anga, bila kununua kitu dukani, akilete kabla ya sikukuu ya uhuru. Kitakachoshinda kitakaa kwenye dirisha la sinema, na aliyekiunda atapewa tiketi ya ndege, kwenda na kurudi, popote nchini. Tangazo lilikuwa la Kifaransa, na chini yake Kimalagasi. Chombo wao huita sambo, neno ambalo ukilisikiliza vizuri ni letu. Mimi nyumbani nasema Kikomoro, sokoni Kimalagasi, na Kifaransa nawaachia wenye ofisi, lakini tangazo lile nililielewa lote kwa mara moja.

Nilimwambia Djaanfar makusudi mbele ya rafiki zake, wakati nawapelekea kahawa barazani. Nilijua peke yetu atasema mwakani. Akacheka, akawageukia wenzake wacheke naye. "Wewe? Na wanafunzi wote wale wa sekondari ya lise, na mafundi wa bandarini? Wallahi, ukishinda utapanda hiyo ndege, na mzigo wako nitakubebea mimi mpaka uwanja wa ndege wa Amborovy." Wakacheka tena. Nikakusanya vikombe nikaingia ndani. Kiapo kilikuwa kimeshatoka, na mashahidi walikuwa wamekunywa kahawa yangu.

Lakini Djaanfar hakujua alichokiapia. Hakuwahi kuniuliza baba yangu alikuwa anafanya kazi gani hasa. Baba Mbaé alikuwa anaunda meli ndogo, nakala za meli zilizotia nanga Hell-Ville, bandari ya Nosy Be, akiwauzia manahodha na Wazungu wa mashamba ya langilangi. Hakuwa na mtoto mwingine ila mimi, basi ujuzi wake aliutia kwangu kwa makofi ya kichogo. Sheria yake ya kwanza ilikuwa moja: mtu kwanza. Kabla ya ubao, kabla ya bati, ulitengeneza baharia wa nta mwenye urefu wa punje ya mtama au wa kidole, upendavyo, na kuanzia hapo kila kitu kilipimwa kwake. Mlango lazima apite. Ngazi lazima apande. Akikaa, miguu ifike chini. "Meli isiyo na mtu ni sanduku," alikuwa akisema, na kofi linafuata.

Basi nilianza na mtu. Nilimfinyanga kwa nta ya nyuki, urefu wa harage, nikamvika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikamketisha. Tumbo la chombo nililichonga kwenye ubao laini wa sanduku la sabuni, nikalitoa moyo, nikalivika bati la sadini lililokatwa vigae vidogo vidogo. Misumari ya ribiti niliipata kwa kugonga bati kwa ndani na ncha ya bikari, nukta kwa nukta. Madirisha yalitoka kwenye kitana cha seluloidi kilichovunjika. Nyaya za kunasia sauti zilikuwa mbavu za mwavuli. Matundu ya kutolea moto yalikuwa vifuniko vya chupa za marashi ya Bibi, na alivitafuta ua mzima huku mimi namsaidia kuvitafuta.

Kilipokamilika nikakipaka rangi ya kijivu, mabaki ya kopo ambalo Djaanfar alilileta kutoka gatini, nikakiweka juu ya cherehani nikarudi nyuma hatua chache. Kilikuwa kibaya. Kila kitu kilikuwa mahali pake, vipimo vyote sawa, na bado kilikuwa kibaya. Kiling'aa. Kilionekana kitu kilichotoka kwenye mkasi wangu asubuhi ile, na ndivyo kilivyokuwa. Djaanfar alikitazama akasema si haba. Bibi alisema kitafaa kuwekea sindano. Chamsia alikuja na majirani wawili, akakiita sufuria lenye mbawa.

Walisema yao, lakini aliyeniuma ni baba, ambaye hakuwepo. Nilikuwa nasikia kabisa angesema nini. Chombo hiki kimetoka wapi? Kimepita wapi? Nani alikanyaga ngazi hii? Meli zake yeye, ukizitazama, unajua ipi ilikuwa inabeba sukari na ipi makaa. Chini ya tundu la nanga aliweka kutu, kwa sababu pale mnyororo unasugua. Ubavu wa upande wa upepo aliukwangua zaidi. Alikuwa anaipa meli mpya miaka ishirini kwa juma moja, na manahodha walikuwa wanaishika wakinyamaza.

Basi nikakizeesha. Watu husema mimi natia chumvi katika maneno yangu. Safari hii nilitia kweli. Niliponda hina, nikaichanganya na maji ya misumari iliyolala kwenye siki mpaka yakawa mekundu, nikapaka juu ya kijivu chote. Ilipokauka nikalowesha, nikanyunyiza chumvi ya mawe, nikaiacha igande, kisha nikapaka kijivu tena juu yake. Halafu ukisugua kwa kumbi la nazi, punje za chumvi zinatoka na rangi iliyo juu yake, na pale zilipokuwa kutu inachungulia, hapa tone, hapa kidonda. Sikusugua kila mahali. Nilisugua mlangoni, kwenye ngazi, na penye pua ya chombo panapopasua njia. Masizi ya sufuria niliyapitisha kwenye viungo vya bati kwa unyoya wa kuku. Na kwa moshi wa matundu ya nyuma nilifanya alivyofanya baba kwa dohani za meli: sikutumia taa ya mafuta, inaacha weusi wa kunata, bali nilikishikilia juu ya chetezo cha ubani, mpaka moshi ukaacha rangi ya kahawia inayofifia kuelekea mbele.

Nilipomaliza nilikaa nikakitazama. Kilikuwa kimetoka mbali. Kilikuwa kimechoka, na kilikuwa bado kinakwenda. Sioni haya kusema kwamba nililia kidogo.

Ilikuwa Ijumaa, na kesho yake ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka vyombo kwa Bwana Abdou. Rangi ilikuwa bado mbichi upande mmoja. Wanaume walikuwa wameshakwenda msikitini, Chamsia alikuwa sokoni, na jua lilikuwa linapiga ukuta mfupi uliokuwa mbele ya mlango wake tu. Nikakiweka pale. Nikaingia kusali. Nikiwa kwenye tahiyatu nikasikia kikapu kinaanguka.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Pwani hii, nyumba ikiandamwa na maradhi, wako watu wanaounda kijahazi kidogo, wakatia mchele na yai na chumvi, wakakifukiza ubani, na mara nyingine wakaketisha ndani mtu wa nta badala ya mgonjwa. Maji yakianza kupwa hukisukuma baharini kiondoke na nuksi. Kikitupwa pwani nyingine hakiguswi. Na ukikikuta mlangoni kwako, maana yake kuna mtu amekuletea ya kwake. Nosy Be tunavijua, Mahajanga wanavijua, na Wangazija wa kujivuna wanaovicheka ndio wanaoviogopa kuliko wote.

Chombo changu kilikuwa na chumvi, na hina, na ubani unaonukia ua mzima, na mtu wa nta amekaa ndani. Kilikosa mchele tu.

Nilipotoka, Chamsia alikuwa amesimama mbele ya Laïla, mikono imetandazwa kumkinga tumbo, na viazi vimetapakaa miguuni. "Umemletea mwanangu," aliniambia. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. Mimi simpendi Chamsia na sitampenda, lakini simsingizii: ile haikuwa hila.

"Ni kile cha mashindano," nilisema. "Kile ulichokiita sufuria."

"Kile nilikiona. Kile kilikuwa kipya."

Bibi akatoka, akanusa hewa, akarudi nyuma mpaka ukutani. Majirani wakajaa mlangoni. Wanaume waliporudi msikitini, Djaanfar alipenya katikati yao, akakitazama chombo kwa mbali, kichwa upande. Huyu alikiona kikiwa juu ya cherehani yangu. Alilala nacho chumba kimoja. Nikamwambia, "Waambie basi."

"Kile kiling'aa," alisema polepole. "Hiki kimepigwa na bahari. Zalia, hiki umekiokota wapi?"

Damu ilinichemka, lakini pamoja na hasira kulikuwa na kitu kingine, na nitakisema: nilifurahi. Katikati ya ugomvi ule nilifurahi. Mume wangu, anayeshinda gatini akitazama meli mchana kutwa, hakuweza kuona kwamba kutu ile ilikuwa hina.

Wakamwita mwalimu Msaidié. Si mwalimu wa shule. Kwetu mwalimu ni yule anayepiga falaki, anayejua nyota ya mtu na siku njema ya safari. Alikuja na koti lake la Ijumaa na fimbo nyembamba, akakizunguka chombo, akakigusa kwa ncha ya fimbo. Akanusa. Akainama mpaka kwenye dirisha la kitana.

"Kuna mtu ndani," alisema, na Chamsia akamvuta Laïla chumbani akafunga mlango.

"Ni mtu wa kupimia," nilisema. "Baba yangu alinifundisha..."

"Baba yake anakaa Nosy Be," Bibi alimwambia mwalimu, kana kwamba nimeshahukumiwa.

Mwalimu Msaidié akauliza kama kuna aliyekigusa. Hakuna. Akauliza kama kivunjwe, akajijibu mwenyewe kwamba hakivunjwi, kwa sababu kilichomo kitamwagika uani. Hakichomwi, moshi utaingia vyumbani. Kukitupa tu baharini ni kukingoja kirudi. "Kinarudishwa kwao," alisema, "na mikono iliyokishika. Na upesi, binti hajafika siku zake." Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile mtu aliniuliza swali na watu wote wakanyamaza kungoja jibu. "Kwao ni wapi?"

Ulimi ulikuwa tayari na jibu jingine. Nilikuwa nataka kusema kwao ni mkeka wangu, kwao ni jalala la makopo la Mahabibo. Ushahidi ninao: ningelifungua tumbo la chombo, na kwa ndani ya bati wangesoma maandishi ya kopo la sadini, na samaki amechorwa. Mwalimu angeaibika, Chamsia angeaibika, na kesho ningekibeba mpaka sinema. Na halafu? Nilikuwa nimepita kwa Bwana Abdou kuchungulia vya wenzangu. Mwalimu mmoja wa lise alikuwa ameleta chenye taa ya umeme inayowaka na kuzimika, na watu walikuwa wanapigana vikumbo kukiona. Hata kama ningeshinda, Djaanfar alikuwa ameshaanza kusema kiapo cha barazani ni maneno ya kahawa. Angesema mwakani. Mwakani baba asingekuwa na jicho.

Nikawatazama wote, mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anataka nibaki.

"Kwao ni Nosy Be," nilisema.

Kisha Bibi akaanza kusoma dua kwa sauti. Djaanfar alikaa chini kizingitini, kichwa mikononi. Nilijua nimesema nini. Nilikuwa nimejipaka mwenyewe, na rangi ile haitoki kwa kumbi la nazi. Kuanzia saa ile mimi ni mchawi wa Mahabibo. Laïla akijikwaa ni mimi, mtoto akizaliwa na alama ni mimi. Mwalimu Msaidié akasema meli ya pwani ni polepole mno na mabaharia watakataa mzigo. Nyumba hii ambayo miaka yote haikuwa na nauli ya kunipeleka kwetu ilipata tiketi ya ndege kabla ya magharibi. Hata Chamsia alitoa heleni zake.

Asubuhi nilifunga sanduku langu, nikakifunga chombo kwenye leso, nikapita uani. Hakuna aliyenipa mkono. "Usirudi nacho," Bibi aliniambia kutoka dirishani.

"Wala bila hicho," Chamsia akaongeza nyuma ya mlango wake.

Nikamwambia mlango huo nao una matundu, aangalie kisije kikamrudia kupitia hapo. Sikujizuia. Kama nimepewa jina, nilitumie walau mara moja.

Djaanfar alikodi gari. Alikaa mbele na dereva, kioo kimeshushwa, na mimi nyuma na chombo mapajani. Tuliacha mji, tukashika barabara nyekundu ya Amborovy, na hakusema kitu mpaka tulipoanza kuona bahari upande wa kushoto. Hapo akasema bila kugeuka, "Zalia. Niambie kweli. Ni kile kile, sivyo?"

Nililikaza fundo la leso.

"Nimefikiri usiku kucha. Vifuniko vile vya nyuma ni vya marashi ya mama. Kama ni kile cha mashindano, umetuchezea akili nyumba nzima, na tunageuza gari sasa hivi."

Dereva alinitazama kwenye kioo. Uwanja ulikuwa unaonekana, na ndege imesimama pale, mlango wazi. Nikafungua leso, nikakiinua chombo kwa mikono miwili, nikakipitisha katikati ya viti mpaka karibu na bega lake. Harufu ya ubani ikajaa gari.

"Kishike," nilimwambia. "Wewe ni mtu wa meli. Kishike, ukiangalie vizuri, kisha uamue."

Alijivuta mpaka akagonga mlango. Mkono wake ulikuwa umeinuka nusu, ukabaki hapo hapo, vidole vimekunjwa. Nilimpa muda. Nilimpa muda wote aliotaka, maana sehemu moja yangu, sehemu ya kijinga, ilikuwa bado inataka akishike.

"Endesha," akamwambia dereva.

Uwanjani alinibebea mzigo. Sanduku tu, kiapo chake kilitimia kwa sanduku. Akasema atakuja kunichukua mambo yakitulia. Nikamwambia aje mwakani.

Hell-Ville ilikuwa inanukia langilangi kama nilivyoiacha. Baba alikuwa amekaa penye dirisha la karakana, mikono juu ya magoti, meza tupu mbele yake. Nilisema salamu. Hakugeuka. "Umechelewa," alisema. Nikamwambia nilizuiwa. Akasema mtu mzima hazuiwi. Nikamwambia na yeye ndiye aliyenipeleka huko, kwa watu wale, akanisifia dini yao na nyumba yao ya mawe. Tulianza hivyo hivyo, kabla sijakaa, kwa sababu hasira yangu sikuiokota njiani; ni yake.

Alipochoka kugomba akauliza, "Umebeba nini kinachonuka?"

Nikamwekea mkononi. Kwanza alikipima uzito. Akapitisha vidole kwenye ribiti, nukta kwa nukta, midomo inatikisika. Akafungua kijilango kwa ukucha, akamgusa mtu wa nta, akapima ngazi kwa kidole kuanzia mguu wake. Kisha akakileta mpaka puani, upande wa jicho la kushoto, akakielekeza kwenye mwanga wa dirisha, na akakaa nacho hivyo muda mrefu, akikizungusha kidogo kidogo. Nilikuwa nimesimama wima, mikono nyuma, kama zamani.

"Kinakwenda wapi hiki?"

"Angani."

"Angani kuna chumvi?"

"Sijui, baba. Sijafika."

"Umezidisha penye pua," alisema. "Na huku nyuma moshi ni mzuri. Hii kutu ya mlangoni ni ya kupaka au ya kweli?"

"Ya kupaka. Hina na siki."

Akasugua kwa kidole gumba, akakitazama kidole, akagutuka kidogo kwa kicheko kisichotoka. Akakiweka chombo mezani. Halafu akanyoosha mkono ule ule, akapapasa hewani mpaka akanipata kidevu, akanivuta kwenye dirisha, karibu kabisa, pumzi yake usoni kwangu. Akapitisha jicho lake moja juu ya uso wangu polepole, kuanzia kwenye paji, hivyo hivyo alivyokuwa akikagua bati. Alikaa sana chini ya macho. Akashuka kwenye mikunjo ya kando ya mdomo, ambayo sikuwa nayo nilipoondoka, akaisugua kwa kidole gumba, taratibu, mara mbili, akatazama kama kuna kitu kitatoka.

"Na hii?" aliuliza. "Ya kupaka?"

"Hapana, baba," nilisema. "Hiyo ni ya kweli."

Hakuuondoa mkono. Aliendelea kusugua.